Uzembe, Kosa na Kudra: Uhakiki wa Istilahi za Madhara ya Tiba

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi chache zinazotumika katika Kiswahili kuelezea madhara ambayo mgonjwa huyapata mikononi mwa wale wanaomtibu. Hatukusudii kuwahukumu waganga wala wauguzi. Kazi hiyo ina vyombo vyake. Wala hatukusudii kutunga orodha ndefu ya maneno mapya, kwani maneno mengi tunayoyahitaji tayari yamo katika lugha. Tunakusudia kuuliza swali moja tu: je, maneno tunayoyatumia sasa yanamwezesha mgonjwa kueleza yaliyomsibu, na yanamwezesha mhudumu kukiri pale alipokosea? Kwa maoni yetu jibu ni hapana. Sababu kubwa ni kwamba neno moja, uzembe, limetwishwa mzigo ambao ungestahili kubebwa na maneno matano au sita.

Ili tusizungumze hewani, tumechagua kuzipimia istilahi hizi Maneromango, katika Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Hapa ni Uzaramoni, ambako Kiswahili na Kizaramo vimeishi pamoja kwa muda mrefu, na ambako wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua kituo chao mwishoni mwa karne ya 19. Mgonjwa wa Maneromango huanzia katika kituo cha afya. Akizidiwa hupelekwa Hospitali ya Wilaya, Kisarawe; akizidiwa zaidi hupelekwa Tumbi, Kibaha, au Muhimbili, Dar es Salaam. Katika safari hiyo yote huulizwa maswali kwa Kiswahili, na majibu yake huandikwa katika faili kwa Kiingereza. Likimpata jambo baya njiani, hana budi kulieleza kwa maneno aliyonayo yeye, si kwa yale yaliyomo katika faili. Basi ni vema tuyatazame maneno hayo.

1. Neno "uzembe"

Tunaanza na tukio ambalo wasomaji wengi wanalikumbuka. Mwezi Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa. Mmoja alipaswa kupasuliwa goti, na mwingine kichwa. Aliyehitaji upasuaji wa goti akapasuliwa kichwa, na aliyehitaji upasuaji wa kichwa akapasuliwa mguu. Mmoja wao alifariki baadaye. Nchi ilitikisika, uchunguzi ukafanywa, na neno lililotawala mazungumzo barazani, magazetini na ndani ya daladala lilikuwa hilohilo: uzembe.

Hasira ile ilikuwa ya haki. Hata hivyo tujiulize neno lenyewe linasema nini. Uzembe asili yake ni uvivu na kutojali kazi. Mzembe ni mtu anayekwepa jukumu. Katika miaka ya 1970 na 1980 neno hili liliimarishwa na siasa ya kazi: Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliwaandama wazembe na wazururaji wa mijini, na kila aliyeishi wakati huo anajua uchungu wa kuitwa hivyo. Kwa hiyo tunapomwita mhudumu mzembe tunamhukumu tabia yake yote, hata kabla hatujachunguza tendo lake.

Sasa tuchukue muuguzi aliyekesha zamu mbili mfululizo kwa sababu mwenzake hakuja, akachukua chupa mbili zinazofanana, akachoma isiyokuwa yenyewe. Je, huyu ni mvivu? Kinyume chake, amekosea kwa kuwa amefanya kazi kupita uwezo wa binadamu. Tuchukue na mwingine ambaye ameitwa mara tatu kumtazama mama mwenye uchungu wa kuzaa, naye akaendelea na soga zake. Huyu anastahili kuitwa mzembe. Kiswahili chetu cha magazetini na cha ofisini kinawatia wote wawili katika kapu moja.

Majirani zetu wa Kenya nao hawajanusurika. Huko magazeti hupenda kutumia neno utepetevu, ambalo ni jina la hali ya kulegea na kukosa nguvu. Ni neno zuri la fasihi, lakini kwa kazi ya sheria na tiba lina kasoro ileile: linataja tabia ya mtu na kuliacha tendo. Mapema mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa mmoja alifunguliwa fuvu la kichwa kwa ajili ya damu iliyoganda ambayo ilikuwa katika ubongo wa mgonjwa mwingine. Vibandiko vya majina vilikuwa vimechanganywa. Baina ya Muhimbili ya 2007 na Nairobi ya 2018 imepita miaka kumi na zaidi, watu ni wengine na nchi ni nyingine, lakini kosa ni lilelile. Je, inawezekana uvivu wa watu wasiojuana ukazaa kosa lenye sura moja hivyo? La kusadikika zaidi ni kwamba mpango wa kuwatambua wagonjwa ulikuwa na tundu, na tundu hilo halikuzibwa.

Hapa ndipo neno linapoleta madhara ya kweli. Mtu akisema "uzembe", msikilizaji huuliza: ni nani? Akisema "kosa", msikilizaji huweza kuuliza: lilitokeaje? Swali la kwanza humpata mtu wa kuadhibiwa. Swali la pili hulipata tundu. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hiyo imebeba elimu yote ya usalama wa mgonjwa, lakini haiwezi kufuatwa mahali ambapo kila kosa huitwa uzembe, maana pale kila aliyekosea atalificha kosa lake, na lililofichwa hurudiwa.

2. Uzito wa sheria

Wengine watasema kwamba uzembe ni neno la sheria, nalo limekwisha kuzoeleka. Tunalitazama dai hili kwa makini, hasa kwa kuwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Wafasiri wana kazi kubwa mbele yao, na istilahi watakayoiteua leo ndiyo itakayomfunga au kumwachilia mtu kesho.

Katika sheria ya madai, dhana inayofasiriwa kuwa uzembe ina nguzo tatu. Kwanza, mtoa tiba awe na wajibu wa kumwangalia mgonjwa. Pili, awe ameuvunja wajibu huo kwa kushuka chini ya kiwango kinachotazamiwa kwa mtu wa taaluma yake. Kipimo mashuhuri kilitolewa Uingereza mwaka 1957 katika kesi ya Bolam. Tatu, mgonjwa awe amepata madhara yaliyotokana na uvunjaji huo. Katika nguzo hizo zote tatu uvivu hautajwi. Daktari mwenye bidii kuliko wote hospitalini anaweza kuonekana na hatia kwa kipimo hiki, na mvivu anaweza kuachiliwa ikiwa uvivu wake haukumdhuru mtu.

Upande wa jinai, kifungu cha 233 cha Kanuni za Adhabu kinamgusa mtu anayemtibu au kumpasua mgonjwa kwa pupa au kwa kukosa uangalifu kiasi cha kuhatarisha maisha. Hapo tena kinachopimwa ni uangalifu.

Kwa hiyo tunaona kwamba istilahi ifaayo kwa dhana ya kisheria ni ukosefu wa uangalifu, na pale inapohitajika kiwango kitajwe, ukosefu wa uangalifu stahiki. Ni ndefu kuliko uzembe, tunakubali. Lakini inasema kile ambacho mahakama inakipima, na inamwelekeza shahidi kueleza ni uangalifu upi uliokosekana. Neno uzembe libaki na maana yake ya asili: kuacha kwa makusudi au kwa kutojali jambo ambalo mtu alijua kwamba ni lake kulitenda.

3. "Kosa la kitabibu" na jina la mganga

Istilahi ya pili inayoenea ni kosa la kitabibu. Ina sura ya usomi, nayo ni afadhali kuliko uzembe kwa kuwa inataja tendo. Lakini tatizo lake liko katika neno tabibu. Katika utumishi wa afya Tanzania, tabibu ni cheo maalumu: wako matabibu na matabibu wasaidizi, ambao si madaktari wala si wauguzi. Vijijini ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi. Basi kosa la mtaalamu wa maabara aliyeandika kundi la damu lisilo sahihi litaitwaje? Na la mfamasia? Na la karani aliyechanganya mafaili? Tukisema kosa la kitabibu tunawatwika matabibu makosa ya hospitali nzima.

Jambo hili lina sura nyingine katika mazingira kama ya Maneromango. Serikali humwita kiongozi wa kituo Mganga Mfawidhi, na kiongozi wa afya wilayani Mganga Mkuu. Neno hilohilo mganga ni la fundi wa dawa za asili, ambaye Wazaramo wamekuwa naye tangu kabla ya hospitali. Hatulioni hili kuwa kasoro. Ni heshima kwa lugha. Lakini mwandishi wa taarifa hana budi kusema ni mganga yupi, na asiandike "kosa la uganga" akadhani ameeleweka.

Tunapendekeza kosa la tiba. Tiba ni kazi yote, kuanzia dirisha la kuandikishia hadi kitanda cha wodini, na kosa likitokea mahali popote katika kazi hiyo jina hili linalifunika bila kumtaja mtu.

4. Madhara, maudhi na nusura

Si kila dhara ni matokeo ya kosa. Mgonjwa aweza kupewa dawa sahihi, kwa kipimo sahihi, na mwili wake ukaikataa. Hilo ni dhara bila kosa. Na aweza kupewa dawa isiyo yake, ikampita bila kumdhuru. Hilo ni kosa bila dhara. Lugha isiyotenganisha mambo haya mawili haiwezi kuandika taarifa ya hospitali.

Kwa jambo la kwanza istilahi madhara ya tiba inatosha. Tunaonya tu dhidi ya desturi ya kuyaita madhara hayo "maudhi madogo madogo", kama tunavyosikia katika elimu ya uzazi wa mpango na ya chanjo. Maudhi ni kero. Kichefuchefu cha siku moja ni maudhi. Kutokwa na damu kwa mwezi mzima si maudhi. Mama aliyeambiwa mapema kwamba atapata maudhi tu atavumilia nyumbani hata pale alipopaswa kurudi kituoni.

Kwa jambo la pili tunalo neno zuri ambalo halijapewa kazi: nusura. Waswahili husema "nusura afe", na kila mtu huelewa kwamba shari imepita karibu. Kwa nini wataalamu wahangaike na vifungu virefu, au waandike "amepona chupuchupu" katika taarifa rasmi? Liwe jina: nusura. Wodi iwe na daftari la nusura, na muuguzi aweze kuandika, "Leo tumepata nusura mbili." Hospitali inayozihesabu nusura zake hujua matundu yake kabla hayajaua mtu.

Tuongeze kwamba haja ya kutenganisha dhana hizi si ya Afrika peke yake. Taarifa ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya mwaka 1999 ilikadiria kwamba kati ya watu 44,000 na 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo kwa makosa ya tiba. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba makosa mengi hutokana na mipango mibaya ya kazi kuliko watu wabaya. Huko pia ilibidi maneno yabadilike kwanza.

5. Somo la Ifakara

Wakati nchi ikijadili tukio la Muhimbili, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ulikuwa ukiendelea utafiti ambao haukutajwa sana vijiweni. Ifakara ilikuwa moja ya miji minane duniani, pamoja na London, Toronto, New Delhi, Manila, Amman, Auckland na Seattle, iliyojaribu karatasi moja yenye mambo 19 ya kusomwa kwa sauti chumbani mwa upasuaji. Husomwa mara tatu: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla hajatolewa chumbani. Miongoni mwa maswali yake: mgonjwa huyu ni nani? Anapasuliwa nini, na upande upi? Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Mwanalugha anapaswa kusimama hapa na kutafakari, kwani dawa iliyotumika ilikuwa maneno. Watu waliambiana kwa sauti mambo ambayo kila mmoja alidhani mwenzake anayajua.

Karatasi hiyo kwa Kiswahili huitwa orodha hakiki. Muundo huo hatuuafiki. Hakiki ni kitenzi, na kitenzi cha namna hiyo hakisimami kuwa kivumishi cha orodha. Orodha ya uhakiki ni sahihi kisarufi. Jambo kubwa zaidi ni kwamba maswali yake yasomwe kwa lugha ambayo kila aliyemo chumbani anaimudu, hata msukuma kitanda, kwa kuwa huenda yeye ndiye aliyemchukua mgonjwa wodini, naye ndiye ajuaye kwamba siye. Na jina la mgonjwa liwe kamili: lake, la baba na la ukoo, pamoja na namba ya faili. Katika nchi ambamo wodi moja yaweza kuwa na akina Juma watatu, kuita "Juma!" na kumchukua aliyeitika wa kwanza si utambuzi.

6. Maneno ya dirishani

Tumezungumza habari za upasuaji, lakini mgonjwa wa Maneromango hukutana na hatari ya lugha mara nyingi zaidi katika dirisha la dawa. Maneno ya hapo ni machache na yamezoeleka mno, ndiyo maana hayachunguzwi.

Kwanza ni "kutwa mara tatu". Kutwa ni tangu kuchomoza jua hadi kuchwa kwake. Ndiyo maana twasema usiku kucha na mchana kutwa. Mgonjwa anayejua Kiswahili chake vizuri atameza mara zote tatu mchana, kisha usiku mzima mwili ukae bila dawa. Mwenye Kiswahili dhaifu ndiye atakayefuata kusudi la daktari. Si jambo la kujivunia kwamba lugha yetu inamwadhibu anayeijua.

Pili ni saa. Dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania imeitumia tangu mwisho wa mwaka 2006, humtaka mgonjwa ameze dozi ya pili saa nane baada ya ile ya kwanza. Mwambie mama "meza tena baada ya saa nane". Ikiwa mwanawe amemeza ya kwanza saa mbili usiku, ya pili ni saa kumi alfajiri. Lakini mama ana haki kabisa ya kuelewa kwamba asubiri mpaka saa nane mchana ipite. Hapa tunaleta pendekezo ambalo huenda likawaudhi wenzetu walinzi wa usanifu. Watu hutenganisha "saa nane", yaani wakati, na "masaa manane", yaani muda. Tumelikemea neno masaa kwa miaka mingi. Pengine tulikuwa tukiikemea tofauti ambayo watu waliihitaji. Kama hatutaki masaa, basi tuagize "muda wa saa nane ukishapita", na mtoa dawa aitaje saa yenyewe: "saa kumi alfajiri."

Tatu ni kijiko. Kijiko cha chai ni mililita 5. Cha chakula ni mililita 15. Agizo lisemalo "kijiko kimoja" linaweza kumpa mtoto dozi mara tatu ya ile iliyokusudiwa. Likitokea dhara, nani mzembe? Mama? Mtoa dawa? Hapa neno uzembe halimsaidii mtu. Linalosaidia ni kuongeza neno moja katika karatasi.

7. Ridhaa

Mgonjwa anayepasuliwa hutia sahihi. Karatasi ile huitwa mara kibali, mara idhini, mara ridhaa. Kibali na idhini ni maneno ya ofisi: mwenye mamlaka humpa mwombaji. Ridhaa inatokana na kuwa radhi, na mtu hawezi kuwa radhi na asilolijua. Mwaka 2015 mahakama ya juu ya Uingereza, katika kesi ya Montgomery, iliamua kwamba mgonjwa ana haki ya kuelezwa hatari ambazo mtu wa hali yake angeziona kuwa na uzito. Ridhaa ndilo neno linalobeba sharti hilo, nalo lishikwe peke yake. "Weka dole hapa" siyo ridhaa.

8. Hitimisho

Tumebakiza neno moja la kichwa cha makala haya. Katika misiba yetu husemwa, "Kazi ya Mungu haina makosa." Ni maneno ya imani na ya faraja, na hatuna ruhusa ya kuyagusa. Lakini tumeona kwamba familia isiyotaka kumwita mtu mzembe hubaki na neno kudra tu, na baina ya mzembe na kudra hakuna pa kusimama. Mama wa Maneromango aliyerudi na maiti hana njia ya kuuliza lililotokea bila kuonekana ama anashitaki ama anamkufuru Mungu. Kazi ya binadamu ina makosa, na swali juu yake si kufuru.

Kwa muhtasari, tunapendekeza kosa la tiba kwa tendo. Madhara ya tiba kwa matokeo. Nusura kwa shari iliyopita. Ukosefu wa uangalifu kwa hatia mbele ya sheria. Uzembe kwa mwenye kujua na kuacha. Na ridhaa kwa kukubali kwa kujua. Tunapendekeza pia maagizo ya dirisha la dawa yapitiwe upya na watu wa lugha wakiwa pamoja na watu wa dawa, na yajaribiwe kwanza kwa wagonjwa wa vituo vya afya vya vijijini kabla ya kusanifiwa.

Walimu, wafasiri na watumishi wa afya wanaombwa kutuletea maoni yao, hasa wale wanaosikia kila siku jinsi wagonjwa wanavyoyaita mambo haya.